Mnazi Mzima

Saa moja kasoro robo asubuhi kulikuwa na vidaka chini ya mnazi ulio nyuma ya jiko. Havikuwa vingi. Vilikuwa vinazi vichanga vya kijani, vidogo kuliko ngumi ya mtoto, kila kimoja kikiwa na doa la kahawia pale kilipoachana na kikonyo. Mama mkwe ndiye aliyeviona kwanza, kwa sababu ndiye aliyeamka kwanza, na alikuwa ameshavitia nusu kwenye ndoo wakati mke wa mwanawe alipotoka na mswaki mdomoni.

"Jua," alisema mama mkwe kabla hajaulizwa. "Wiki hii jua limekuwa kali."

Mke wa mwanawe alitema povu pembeni ya mfereji. Alikuwa mpimaji katika maabara ya kituo cha utafiti wa minazi. Alijua kwamba jua hudondosha vidaka, na alijua kwamba doa la namna ile haliletwi na jua.

"Na vile vya upande ule, mama, ni vya leo?"

"Vya upande ule ni vya jana." Mama mkwe akainama tena. "Nilidhani nimevimaliza."

Upande wa pili wa ua, jirani yao fundi cherehani alikuwa anafagia. Kiwanja chake kilikuwa na visiki na majivu. Minazi yake yote ilikatwa mwezi uliopita kwa amri ya kituo, baada ya kupimwa wiki ileile iliyopimwa ya mama mkwe. Ya fundi ilionekana migonjwa. Ya mama mkwe ilitolewa majibu kuwa salama, na aliyeleta majibu hayo nyumbani ni mpimaji mwenyewe.

"Bi mkubwa," aliita fundi, "unaokota kuni au unaficha mgonjwa?"

"Cherehani yako imekosa nguo ya kushona, fundi, mpaka uje kunishona mimi?"

"Mimi nasema ninachokiona. Kile kipimo kilipita kwangu macho makavu. Kilipofika kwenu kikaona haya."

Mume wa mpimaji alitokea mlangoni na birika. Zamani alikuwa dereva wa lori. Kampuni ilipouza malori, alirudi nyumbani na jaketi lenye nembo yake, na tangu hapo ndiye aliyepika chai ya asubuhi.

"Na wewe shemeji uko zamu!" Fundi akaegemea ufagio. "Kampuni imekufukuza, mke amekuajiri."

"Kazi nzuri hii, fundi. Nalala na bosi na hakuna anayeniandikia onyo."

Fundi akacheka, na hata mama mkwe akacheka kidogo. Mpimaji hakucheka. Alikuwa anatazama juu, kwenye kilele cha mnazi, ambako majani yote yalikuwa bado ya kijani.

*

Mnazi ukishaanza kudondosha vidaka, aliyekuja kuutibu amechelewa. Majani ya chini huwa ya manjano, kisha ya juu. Kilele huoza na kuanguka, na kinachobaki ni shina tupu kama nguzo ya umeme. Wakati huo wadudu wadogo wanaofyonza majani wameshahamishia kijidudu cha ugonjwa kwenye minazi ya jirani. Dawa haipo. Kilichowezekana ni kuutambua mnazi mgonjwa wakati bado unapendeza, kuukata, na kuiokoa iliyobaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya maabara kwa muda ambao wafanyakazi wake walikuwa wameacha kuuhesabu.

Sungura waliofugwa nyuma ya ofisi walidungwa majimaji yaliyotokana na minazi migonjwa. Damu ya sungura hutengeneza kingamwili, ambazo hukishika kijidudu popote zitakapokutana nacho. Lakini sungura hachagui. Hutengeneza kingamwili dhidi ya kijidudu, na nyingine dhidi ya mnazi wenyewe. Kwa hiyo seramu, yaani maji ya damu hiyo, husafishwa kwa utomvu wa mnazi usio na ugonjwa, ili hizi za pili zinase humo zitupwe. Utomvu huohuo huwekwa kwenye safu ya kwanza ya vishimo vya sahani ya kupimia. Rangi ya safu hiyo ndiyo mstari: sampuli inayoizidi ni ya mnazi mgonjwa, isiyoizidi ni salama.

Asubuhi ile mpimaji alifungua jokofu akakuta chupa ya utomvu wa safu ya kwanza imebaki kidogo chini. Akamwita mletaji wa sampuli, mkwezi wa zamani ambaye kila mtu kituoni alimwita Ngazi. Ngazi alisimama nje ya kizingiti. Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa amempiga marufuku kuingia na viatu vya matope, na Ngazi alikuwa ameamua kwamba hatavua viatu kwa ajili ya mtu.

"Kaka Ngazi, utomvu wa safu ya kwanza unakwisha. Naomba urudi kwenye mnazi uleule."

"Mnazi upi, dada?"

"Ule uliotoboa mwanzo kabisa, nilipokupigia simu."

"Aa, ule." Ngazi alitikisa kichwa. "Ule ulishakufa."

Mpimaji aliweka chupa mezani. "Ulikufa na nini?"

"Na nini tena? Na huuhuu. Kichwa kilianguka chenyewe nyuma ya kiwanda cha matofali. Shina sasa hivi wamelifunga waya wa kuanikia nguo."

"Kaka Ngazi. Mimi nilikuambia uniletee mnazi mzima."

"Na ndio niliokuletea. Mzima hasa, umezaa tangu mimi nasoma."

Mpimaji alizima mashine ya kuoshea sahani.

"Nilisema mzima," alirudia mpimaji taratibu, "maana yake usio mgonjwa."

"Hee! Wiki ile ile si mlikuwa mmenituma miche? Nikakuleteeni miche, mkasema michanga mno, haifai kukamuliwa. Halafu unapiga simu: leta mzima. Mimi nifahamu nini? Nimekwenda kwenye mzima." Akaona uso wake, akapunguza sauti. "Dada, mjomba wangu ni mtu mzima, na kila siku anaumwa. Ungeniambia usio na ugonjwa, ningeuliza nitaujuaje."

"Ungeujuaje?"

"Nisingeujua. Si ndiyo maana mnatengeneza hicho kipimo?"

Mpimaji alivuta kiti akakaa. Ngazi aliendelea kusimama nje ya kizingiti, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuambiwa ameharibu kiasi gani.

"Huna kosa, kaka," alisema mpimaji mwishowe. "Nenda kanywe chai."

*

Daktari alimsikiliza akiwa amevua miwani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mashati matatu yanayofanana. Hakukatiza. Alipomaliza kusikiliza alichukua kipande cha chaki akachora mstari ubaoni, kisha akachora mwingine chini yake.

"Tumekuwa tukipima na mstari huu," alisema akigonga ule wa juu. "Mstari wenyewe ulikuwa mgonjwa."

"Na seramu tuliisafishia humohumo. Tumezitupa kingamwili tulizokuwa tunazitaka."

"Kwa hiyo tuliyoikamata ni ile iliyokuwa inakaribia kufa."

"Ndiyo. Ile mingine tuliiita salama."

Daktari alifuta ubao, ingawa hapakuwa na kitu kingine cha kuandika. "Wageni wanaofadhili wanakuja Alhamisi. Niliwaambia kipimo kiko tayari kwenda wilayani." Akavaa miwani. "Ngazi anajua alichofanya?"

"Alifanya nilichomwambia. Neno lilikuwa langu, na sikuuliza ulikuwa mnazi gani."

"Nami sikukuuliza wewe." Alisema hivyo bila huruma wala ukali, kama anayesoma kipimajoto. "Miche ya kwenye nyumba ya wavu sasa imekua. Haijawahi kuguswa na mdudu. Safisha seramu upya kwa hiyo, kisha turudie sampuli zote zilizoko kwenye jokofu." Alisita. "Za kwenu zimo?"

"Zimo."

"Anza na za wengine. Za kwenu tutazifikia kwa zamu yake. Nasikia huko mnaishi na mama."

Mpimaji alielewa alichopewa. Makoroma yaliyokuwa juu ya minazi ya mama mkwe yalihitaji miezi miwili kuwa nazi. Mume hakuwa na kazi, na mkataba wa mpimaji mwenyewe ulikuwa wa mwaka kwa mwaka. Mavuno yale ndiyo yaliyokuwa yakingojewa na kila mtu nyumbani kwa kila kitu: paa, deni la dukani, miwani ya mama. Sampuli zikiwekwa mwisho, hakuna mtu ambaye angeuliza kwa nini.

Siku iliyofuata, seramu ikiwa imesafishwa upya, alitoa sampuli za kwao kwanza.

Jioni rangi ilitoka. Safu ya kwanza, yenye utomvu wa miche, ilibaki kama maji. Safu za kwao zilikuwa za manjano, kutoka ule mnazi wa nyuma ya jiko mpaka ule wa mbele ya mlango. Alizisoma kwenye mashine, akageuza sahani, akazisoma tena.

*

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, taa ya umeme inapepesa. Mpimaji alingoja mama mkwe anawe mikono.

"Mama, minazi yetu imepimwa tena."

"Nani ameomba ipimwe?"

"Mimi. Mara ya kwanza tulikosea. Kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro, na kasoro ilitoka kwangu." Akaeleza, kwa maneno machache, habari ya simu na mnazi wa kiwanda cha matofali. Mume wake aliacha kutafuna. "Minazi yetu inaumwa. Yote."

Mama mkwe aliangalia mikono yake iliyolowa. "Mmoja unadondosha. Huo sawa. Iliyobaki ina nini?"

"Bado haijaonyesha."

"Kwa hiyo kitu hakijaonekana, na wewe umekiona."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile hukukiona."

"Sikukiona."

"Siku ile ulipoleta majibu, mimi nilikaa pale nje nikamsimamisha kila anayepita. Nikamwambia fundi, amekaa juu ya kisiki chake, mkwe wangu amesoma, amepima, minazi yangu mizima. Nilimwambia hivyo huku visiki vyake bado vinatoa moshi. Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie mkwe wako alikosea."

"Hilo atalisema mwenyewe. Hahitaji msaada wangu."

Mume alisafisha koo. "Si uliniambia jana Daktari amesema mtaanza na za watu wengine?"

"Alisema."

"Basi mbona mmeanza na zetu?"

"Zilikuwa mbele kwenye jokofu." Ilikuwa kweli, na haikuwa sababu.

Mume alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye sahani yake.

"Nipe miezi miwili," alisema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza tangu mpimaji aolewe katika nyumba ile, mama mkwe alikuwa anamwomba kitu. "Nazi hizi zikomae, niangue, nimuuzie mnunuzi. Baada ya hapo leteni mashoka, nitawapikia wakataji chai mimi mwenyewe. Miezi miwili, mwanangu."

"Wadudu hawatangoja, mama. Kule bondeni kuna minazi ambayo bado haina kitu. Nimeipima leo."

"Ya nani?"

"Ya watu. Siwajui."

"Huwajui." Mama mkwe alirudia neno hilo kama anayelionja. Akasimama kwa kushika ukuta. "Mwanangu," alimwambia mwanawe, ijapokuwa mkewe alikuwa karibu zaidi, "mwambie mkeo atoe vyombo."

Kuanzia hapo alizungumza na mpimaji kwa kupitia kwa mwanawe. Mwambie mkeo chai iko tayari. Muulize mkeo kama anatoka. Nyumba ilikuwa ndogo, na mara nyingi mpimaji alisikia maneno mara mbili, mara ya pili kutoka kwa mumewe, aliyekuwa akiyarudia bila kubadilisha hata moja.

*

Alhamisi wageni walikuja. Daktari aliwaonyesha sungura. Aliwaambia kipimo bado kiko kwenye majaribio, kwamba minazi mingi iliyotangazwa salama ingepimwa upya, na kwamba wilaya zingoje. Mgeni mmoja aliuliza kasoro ilikuwa ya kiufundi au ya kibinadamu. Daktari alisema ilikuwa ya Kiswahili. Mkalimani hakujua aitafsirije, akaomba arudie, na Daktari akasema haikuwa na umuhimu.

Wakataji walifika nyumbani kwa mama mkwe Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mpimaji alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Mama mkwe alitoa kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa. Msimamizi wa wakataji alimwomba asogee, kwa usalama wake.

"Kata," alisema mama mkwe. "Nikiona unaniangukia nitasogea."

Wa nyuma ya jiko ulianguka kwanza. Kilele kilipopasuka, karara changa la maua lililokuwa bado halijafunguka lilikuwa jeusi ndani, lenye harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye maji. Mama mkwe alitazama mara moja tu. Lakini walipoukata ule wa mbele ya mlango, ambao haukuwa umedondosha hata kidaka kimoja, alinyanyuka akaenda kusimama juu ya kilele chake.

"Pasua," alimwambia mkataji.

"Bi mkubwa, kinakwenda kuchomwa."

"Nimesema pasua. Mnazi ni wangu, au huo nao mmeshaupima ukawa wenu?"

Mkataji alimtazama msimamizi, kisha akapasua. Moyo wa mnazi ulitoka mzima mzima, mweupe, wenye unyevunyevu, laini kama jibini. Hapakuwa na doa. Mama mkwe aliushika kwa mikono miwili akauinua, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akamgeukia mpimaji.

"Huu ndio ugonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Nionyeshe ulipo."

"Hauonekani kwa macho."

Wakataji walikuwa wamesimama. Mmoja aliguna. Mpimaji alimwona mumewe anaangalia viatu vyake. Aliona vilevile kwamba fundi cherehani amekuja mpaka kwenye ua, na akajiandaa kwa atakachosema.

"Wangu wa karibu na choo nao ulikuwa mweupe hivyohivyo," alisema fundi.

Mama mkwe aliteremsha mikono. "Hukusema."

"Nilisema. Nilipiga kelele siku nzima, bi mkubwa. Wewe ulikuwa pale kibarazani unanipa pole."

Mama mkwe aliuweka moyo wa mnazi kwenye beseni, akaingia ndani, akarudisha mlango. Msimamizi aliwaashiria wakataji waendelee. Mpimaji alichukua kisu, akakata kipande cha ule moyo, akakitia kwenye chupa na kuandika juu yake mahali, tarehe, na mnazi upi. Mumewe alimfuata mpaka barabarani.

"Unakwenda kukipima?"

"Ndiyo."

"Na kikitoka hakina kitu?"

"Nitakuambia hivyohivyo."

Mumewe alitaka kusema kitu kingine. Mnazi mwingine ulianguka nyuma yao, ardhi ikatikisika, naye akarudi kusaidia kuburuta makuti.

*

Alikisaga kipande hicho mwenyewe. Aliweka majimaji yake kwenye vishimo vinne, utomvu wa mche kwenye vinne, na maji matupu kwenye vinne. Akamimina seramu mpya, akaosha, akangoja, akaosha tena. Ngazi alipita na mfuko wa sampuli za bondeni, akasimama kizingitini.

"Dada, hizi za leo ni za minazi inayozaa, isiyo na dalili, mita nyingi kutoka kwenye mgonjwa wowote. Nimeongeza maneno."

"Asante, kaka. Vua viatu uingie ukae."

"Niko sawa hapa."

Saa kumi na moja jioni alimimina dawa ya mwisho, ile inayoleta rangi. Vishimo vya maji vilibaki vilivyo. Vya mche vilibaki vilivyo. Vishimo vinne vya moyo wa mnazi vilianza kugeuka kabla hajaweka kifuniko, na mashine ilipovisoma vyote vinne vilikuwa juu ya mstari, mbali. Daktari alikuja akatazama juu ya bega lake. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaenda zake.

Mpimaji alipiga simu nyumbani. Mumewe alipokea. Nyuma yake zilisikika sauti za moto unaokula majani mabichi.

"Ulikuwa mgonjwa," alisema mpimaji. "Ule mweupe. Nimeupima mara nne."

Mume akasikika akirudia maneno yale kwa mtu mwingine, vilevile yalivyokuwa. Moto ulipasua kitu. Halafu simu ikakwaruza, ikabadilisha mkono.

"Chumvi imekwisha," alisema mama mkwe. "Ukitoka huko pitia dukani."

"Sawa, mama."

Simu ikakatwa. Mpimaji aliosha sahani, akafunga jokofu, akazima taa ya maabara. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache alinunua chumvi.